Tulipochaji Simu kwa Gari

Disemba 10, 2009 Unguja nzima ilizimika, na umeme haukurudi mpaka Machi 9, 2010. Hitilafu ilitokea Fumba, pale waya wa chini ya bahari unaotoka Ras Kiromoni, Bara, unapopanda nchi kavu. Waya ule ulilazwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norway, uwezo wake megawati 45, na kisiwa kilikuwa kimeshajaa hoteli na mafriji. Mwaka uliotangulia, Mei 2008, tulishakaa gizani karibu mwezi mzima. Tukadhani basi, tumeshaonja yetu.

Nikiwahadithia vijana hawaamini. Maji nayo yalikwenda, maana pampu zinaendeshwa kwa umeme. Samaki wa soko la Darajani ikawa lazima aliwe siku ile ile. Jenereta zilivuma mlango hadi mlango, na kila duka lililokuwa nayo liligeuka pahala pa kuchajia simu kwa pesa. Mwenye gari alikuwa sultani. Ami yangu alikuwa na Toyota kuukuu, akiilaza karibu na Mnazi Mmoja kwa kuwa vichochoro vya kwetu Mji Mkongwe haviingii gari. Ikifika jioni majirani tunamfuata na simu zetu. Anawasha injini, tunachomeka kwa zamu kwenye kitundu cha kiberiti cha sigara, taarifa ya habari tunaisikiliza humo humo. Ananung'unika kwamba tunammalizia petroli, lakini sikumbuki hata siku moja aliyoizima kabla simu ya mwisho haijajaa.

Leo gari ninayo mwenyewe, tena ya umeme: Nissan Leaf, mtumba wa Japani, ya toleo la mwanzo lenye betri ya kilowati-saa 24. Skrini yake bado inanisemesha Kijapani na mimi naijibu kwa Kiunguja. Ukitazama ramani, hakuna kisiwa kinachoifaa gari hii kushinda hiki. Urefu wa Unguja ni kama kilomita 85, upana haufiki 40, na mlima wa kutisha hatuna. ZURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya ya petroli, mimi nasikiliza kama mtu anayesikia habari za harusi asiyoalikwa. Na kimya chake! Bibi mmoja wa mtaani aliniambia gari hii inataka mtu wa kuitangulia mbele, akipiga "Simile! Simile!" kama mahamali wa enzi zake.

Joto ndilo tusilopatana nalo. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa, na huko Arizona, Marekani, wenye gari hizi walianza kulalamika tangu mwaka 2012 kwamba betri zinachakaa kabla ya wakati. Arizona angalau wana miezi ya baridi. Yangu imeshapoteza vistari kadhaa kwenye kipimo, kwa hiyo safari ya Nungwi kwenda na kurudi siku hizi inataka hesabu. Nikienda Makunduchi kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, nauliza kwanza kwa jamaa kama kuna soketi. Zamani mgeni alikwenda na kikapu cha halua. Mimi nanunua na Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa mita ya mwenye nyumba kwa simu kabla sijachomeka, kwani ni aibu kulala kwa watu huku gari yako ikinywa yuniti zao usiku kucha. Binamu yangu husema amerudi zama za babu yake, kumlisha mgeni pamoja na punda wake.

Mjini ndiko kwenye kazi. Nakaa Kiponda, ghorofa ya pili, na gari inalala Malindi. Wenye nyumba zinazotazama barabara, kama kule Vuga, wanaweza kuteremsha waya dirishani. Wangu ungepita juu ya baraza za watu na katikati ya watoto wanaocheza mpira. Halafu zile nyaya zenyewe, zilizopitishwa kwenye kuta za mawe na chokaa miaka hiyo! Fundi alizitazama, akaniambia birika la umeme sawa, gari usiku kucha hapana. Kwa hiyo naipeleka kwa ndugu yangu Mwanakwerekwe, naiacha ilale huko, na mimi mwenye gari narudi mjini kwa daladala.

Waya mpya wa megawati 100, uliojengwa kwa fedha za Marekani, ulizinduliwa mwaka 2013, na giza la miezi mitatu halijarudi. Lakini umeme ukikatika usiku, namkumbuka ami. Gari yake ilitupa umeme mtaa mzima. Yangu inakaa gizani inasubiri umeme pamoja nasi. Na linaloniuma ni kwamba uwezo inao. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, Japani walianza kuuza kifaa maalumu ambacho kwacho Leaf hii hii inarudisha umeme nyumbani, na kwa maelezo ya watengenezaji betri ikijaa inaihudumia nyumba ya kawaida hadi siku mbili. Kitundu cha kuchomekea kifaa hicho kipo puani mwa gari yangu. Kifaa chenyewe kilibaki kwao. Miye nimeletewa mdomo wa kulia, wa kutoa sina matumizi nao, na simu bado nachaji kwenye kitundu kile kile cha kiberiti cha sigara.

Nawaomba wakubwa wa manispaa na wa umeme mambo mawili. Pale Malindi na Mnazi Mmoja, tunapolaza magari sisi wa ndani ya Mji Mkongwe, wekeni soketi chache zenye mita za Tukuza, kila mtu alipie anachotumia. Na wanaoingiza mitumba hii kutoka Japani wasituletee gari peke yake. Watuletee na kifaa chake, na mafundi wetu wafundishwe kukifunga kabla umeme wa Fumba haujatuzimikia tena.