Mchezo Uliolisahau Jina Lake

Kinamama wenzangu huzungumzia michezo ya video pale tu wanapolalamikia muda inaoula. Hata hivyo, upo mfululizo mmoja ulionivutia mimi nisiyecheza: Assassin's Creed. Mdogo wangu wa kiume, mtu mzima sasa, ndiye mchezaji. Mimi hukaa kando nikatazama.

Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 2007. Kisa chake ni cha mwaka 1191, zama za Vita vya Msalaba, katika miji ya Damaski, Akka na Baitul Maqdis. Mhusika mkuu, Altaïr, ni muuaji wa siri. Si mchezo wa watoto, na damu haikosi. Lakini ulikuwa na utaratibu wake. Altaïr hutega sikio sokoni, humfuata mtu kwa subira, hujichanganya na umati, kisha hutenda na kutoweka. Kundi lake lina mwiko wa kumdhuru asiye na hatia, na mchezaji auvunjaye huadhibiwa. Nami nilifurahi kuiona miji yetu ya kihistoria ikiwa na masoko na minara, si vifusi na mabomu. Mdogo wangu akaanza kuniuliza habari za Salahuddin, tukaingia vitabuni pamoja.

Baadaye, michezo yenye ramani pana na ngazi nyingi za kupanda ikashika soko la dunia, na mfululizo huu ukaifuata. Odyssey, uliotoka mwaka 2018, unatupeleka Ugiriki ya kale: bahari, visiwa, na majeshi ya Athens na Sparta yakipambana uwanjani. Hata nyongeza ya kuharakisha kupanda ngazi iliuzwa kwa fedha halisi. Unapendeza macho, na wengi waliupenda, hilo silikani. Ila shujaa wake ni askari wa kukodiwa anayejitosa katikati ya vita, na kunyatia kumekuwa hiari tu. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, huu ungeweza kuitwa jina lolote."

Maneno hayo yalinikaa. Mpishi wa pilau akipunguza bizari kwa ajili ya mgeni huyu, na kitunguu saumu kwa ajili ya yule, mwisho hupakua wali mweupe. Hakuna atakayeulalamikia, wala hakuna atakayevuka mtaa kuufuata.

Mwaka 2023 ukatoka Mirage. Ni mdogo kuliko waliotangulia, nao umerudi kwenye kunyatia na kujificha. Kisa kiko Baghdad ya karne ya 9, ambamo Baitul Hikma imo, na mchezaji akitaka, wahusika huzungumza Kiarabu. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kinachonigusa si biashara ya michezo. Ni kwamba vijana wetu wameona, kwa macho yao wenyewe, jinsi kitu kinavyoweza kukua na huku kikipungua. Nao wanaishi na ushawishi uleule kila siku: badili lafudhi, badili vazi, cheka wanapocheka wengine, ili ukubalike. Mzazi akilihubiri hilo, husikilizwa nusu. Basi jaribu kumuuliza kijana wako kwa nini aliupenda mchezo huu na akauacha ule. Huenda akakueleza maana ya asili kwa ufasaha usioutarajia, na mazungumzo mliyoyakosa kwa muda mrefu yakaanzia hapo.