Picha Tano za Mwezi

Leo nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe mbele ya darasa zima. Mkicheka sitakasirika.

Kwetu huku Kivu, mwezi mwandamo hausimami kama unavyochorwa katika vitabu vya Ulaya. Umelala. Unashuka nyuma ya milima kama mtumbwi unaokwenda taratibu. Jioni moja niliwaambia wanafunzi wa darasa la sita: «Mwezi una siku tatu. Utazameni baada ya jua kutua, kisha kila mmoja achore alichokiona.»

Kesho yake nilipokea mitumbwi mingi. Lakini binti mmoja alichora mtumbwi, na juu yake, kwa penseli hafifu, akaongeza duara zima la Mwezi, kama mzigo ndani ya mtumbwi. Nikamwambia: «Wewe umechora unachokijua, hukuchora ulichokiona.» Akajibu kwa sauti ndogo: «Furere, nimeuona.» Basi nikatoa picha niliyoipiga jioni ileile kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini. Mlikuwa na mtumbwi mweupe, na kwingine kote giza tupu. Nikasema: «Kamera haisemi uongo.» Nikampa sifuri. Akaketi, na tangu siku ile hakuinua tena mkono darasani.

Mwezi mwandamo mwingine ulipotokea, nilitaka kupiga picha ya mashimo ya Mwezi. Mwezi una mashimo maelfu na maelfu. Mengi hayakutokana na moto wa chini, kama lile la Nyiragongo. Yalichimbwa na mawe makubwa yaliyoanguka kutoka angani. Tundu la Nyiragongo lina upana wa kilomita 1 na kidogo. Shimo liitwalo Langrenus lina kilomita 132! Jina lake latokana na Michael van Langren, aliyechora ramani ya Mwezi mwaka 1645. Mwezi ukiwa na siku tatu, shimo hilo huonekana vizuri, kwa maana jua hulipiga kwa ubavu na kingo zake hutupa vivuli virefu.

Nikafungua jicho la kamera kwa sehemu ndogo ya sekunde, nikaona mashimo vizuri. Halafu, kwa kukosea, nikaliacha wazi sekunde 2. Nilipoitazama picha hiyo, moyo wangu ulishtuka. Mtumbwi ulikuwa umeungua, mweupe kabisa, bila shimo hata moja. Lakini juu yake ulikuwapo Mwezi mzima, wa kijivu, na mabaka yake yote. Yule binti alisema kweli.

Jambo hilo nilikuwa nimelisoma zamani seminarini. Jua huiangaza dunia, dunia huutupia Mwezi mwanga huo, nao Mwezi huturudishia kidogo. Leonardo da Vinci alilieleza miaka 500 hivi iliyopita. Mimi nililijua, lakini niliiamini picha yangu kuliko mtoto.

Kwa nini kamera haikuuona Mwezi mzima? Sehemu inayopigwa na jua hung'aa maelfu ya mara kuliko ile inayopata mwanga wa dunia tu. Kamera haiwezi kushika zote mbili kwa mara moja. Ukiifungua kwa muda mfupi, upande hafifu huzama gizani. Ukiifungua kwa muda mrefu, upande mkali huungua. Macho yetu hushinda kamera katika jambo hili.

Dawa yake ni uvumilivu. Nilipiga picha tano bila kuigusa darubini: ya kwanza sekunde 1/125, ya pili 1/30, ya tatu 1/8, ya nne 1/2, ya tano sekunde 2. Darubini yetu ina mashini ndogo inayoigeuza polepole kuufuata Mwezi. Bila hiyo picha ya mwisho ingevurugika, maana kwa dakika 2 hivi Mwezi husogea angani upana wake mzima. Kisha kompyuta ilizipanga picha zote tano moja juu ya nyingine. Kwa kila nukta ilitegemea zaidi picha ambamo nukta hiyo haikuungua wala kuzama gizani. Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza hesabu ya namna hiyo mwaka 1997. Hata kabla ya kompyuta, Gustave Le Gray wa Ufaransa aliunganisha picha ya bahari na picha ya mbingu, katika miaka ya 1850.

Mwishowe lazima mwanga huo wote upunguzwe ili uenee katika karatasi. Hapo yataka kiasi. Ukizidisha, vivuli hugeuka kijivu, na mashimo huonekana bapa kama sahani.

Nilipeleka picha darasani. Nikasimama mbele ya wote, nikasema: «Binti huyu aliona vema, nami nilihukumu vibaya. Nisamehe, mwanangu.» Nikaifuta sifuri, nikaandika kumi juu ya kumi.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akainua mkono. «Furere, kwa nini mashimo yanaonekana huku kwenye mtumbwi, na huku kwenye kijivu hayaonekani?»

Swali hilo sikuwahi kulifikiri. Nililiwaza usiku mzima, ndipo nikapata jibu. Mwanga wa dunia hutoka upande wetu sisi tunaotazama. Kila kivuli hujificha nyuma ya kitu chake, na pasipo kivuli shimo halionekani, isipokuwa mabaka meupe na meusi.

Haraka haraka haina baraka. Picha moja ilinifanya nimdharau mtoto mwenye macho mazuri. Nanyi, Mwezi ukifika siku ya tatu, tokeni nje mtazame mzigo ndani ya mtumbwi. Mkiona jambo ambalo mwalimu wenu hakuliona, mwambieni kwa heshima, wala msilifute kwenye daftari.