"Usijali" Haitibu OCD

Siku hizi kila mtu "ana OCD". Ukipanga viatu kwa rangi, una OCD. Ukikataza mtu kukalia kitanda chako na nguo alizopanda nazo matatu, una OCD. Sawa, tucheke. Shida ni kwamba mtu akiugua kwelikweli hajijui, kwa sababu anachopitia hakifanani na viatu vilivyopangwa.

Yangu haikufanana kabisa. Mimi hata si msafi hivyo, waulize wanaoijua sinki yangu. Ilianza nikiwa na miaka 19. Dada yangu alikuwa amejifungua, tunaishi ghorofa ya nne, na siku moja nikiwa nimembeba mtoto wazo likanijia: je, nikimwangusha kutoka kwa balkoni? Watu wengi hupitiwa na mawazo ya ajabu kama hilo. Linapita, unaendelea na chai yako. Langu lilikataa kupita. Nikaanza kufunga mlango wa balkoni, kisha kuufunga tena, kisha nikaacha kumbeba mtoto kabisa. Usiku narudia siku nzima kichwani nikihakikisha sikumfanya kitu.

Hiyo ndiyo OCD. Kuna wazo, picha au shaka usiyoitaka inayorudi kwa nguvu, halafu kuna kitu unachofanya ili utulie: kunawa, kuangalia kufuli, kuhesabu, kusali sala ile ile mpaka itoke "sawa". Vingine hufanyika kichwani tu na hakuna anayeona. Vikikula zaidi ya saa moja kwa siku, au vikiharibu shule, kazi na mahusiano, huo si mzaha tena.

Na kuna kitu kimoja ambacho natamani kila familia ingejua. Kila siku nilikuwa namuuliza dada, "Unadhani naweza kumuumiza mtoto?" Naye, kwa upendo, ananijibu, "Wewe? Huwezi bana, usijali." Natulia dakika kumi. Halafu shaka inarudi: atajuaje? Kuhakikishiwa ni kama mkopo wa simu. Unakuokoa leo jioni, kesho deni limekua. Kila ukitulizwa, ubongo unajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari, na kwamba bila kutulizwa huwezi kupona.

Ndiyo maana si kila mshauri atakusaidia. Wa kwanza niliyemwona alikuwa mtu mpole sana, na kila wiki alinihakikishia kwamba mimi ni mtu mwema. Manze, nilikuwa nalipia "usijali" ile ile ambayo dada alikuwa ananipa bure!

Tiba ambayo imethibitishwa kwa OCD inaitwa ERP. Chanzo chake ni kazi ya mwanasaikolojia wa London, Victor Meyer, aliyeandika mwaka 1966 kuhusu wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia hiyo. Unakutana na kile unachokiogopa, hatua kwa hatua, halafu unajizuia kufanya kile kitendo cha kujituliza. Hofu inapanda, unakaa nayo, na ubongo unajifunza kwamba unaweza kuishi na shaka. Mimi nilianza kwa kuandika sentensi, "Inawezekana nikamuumiza mtoto," na kuisoma bila kujijibu. Wiki zilizofuata nikakaa na mtoto sebuleni dada akiwa jikoni. Baadaye nikambeba mlango wa balkoni ukiwa wazi. Nilitetemeka. Sikuuliza mtu kitu.

Kuna kipimo cha maswali 10 ambacho wataalamu hutumia, alama zake zinaishia 40. Nilianza na 27. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa na 13. Sijapona mia kwa mia, lakini namwogesha mtoto mwenyewe.

Kwa hivyo ukitafuta mtu, muulize wazi: umewahi kutibu OCD? Unatumia ERP? Mazoezi yatakuwaje? Akisema tutaongea tu kuhusu utoto wako, mshukuru, endelea kutafuta. Kama hakuna mtaalamu karibu nawe, ERP inafanyika pia kwa simu ya video.

Dawa nazo zinasaidia, peke yake au pamoja na ERP. Fluoxetine na sertraline ndizo hutumika sana. Kwa OCD huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake kamili, na mara nyingi dozi huwa kubwa kuliko ya sonona. Usikate tamaa wiki ya pili, na usiziache ghafla bila kuongea na daktari.

Pesa? Hapo ni noma, najua. Vikao vya kliniki binafsi si vya bei ya mwanafunzi. Anza na hospitali za umma. Tuliokulia Nairobi tunalitumia jina la Mathari kama tusi, lakini hiyo hospitali imekuwepo tangu 1910 na ina kliniki ya wagonjwa wa nje: unaonwa, unarudi nyumbani. Eldoret kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi, na hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kliniki ya akili. Na kama umefika mahali unafikiria kujitoa uhai, usingoje kliniki: piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Nyumbani, tulikubaliana na dada jibu jipya. Nikiuliza, anasema, "Naona OCD imekuja. Hilo sitajibu, lakini niko hapa na wewe." Mwanzoni nilimkasirikia. Leo naona huo ndio msaada mkubwa zaidi aliowahi kunipa.

Najua kinachokuzuia wewe. Unaogopa ukilitamka hilo wazo, daktari ataita polisi au mchungaji atasema ni pepo. Aliyesomea OCD ameshasikia mawazo kama yako, na anajua yanakutesa kwa sababu yanapingana na unachokithamini. Si lazima uanze na wazo lenyewe. Andika kwenye simu yako: "Napata mawazo nisiyoyataka, siwezi kuyazima, na nadhani ni OCD." Ukifika, mpe simu asome. Inatosha kuanza.