Mbwa Asiye na Cheti

Ukiwauliza wanafunzi wenzangu hapa Juba wangependa kufuga mbwa wa aina gani, wengi watakutajia Jamani Shepadi. Ndiye wanayemwona kwenye filamu, na ndiye anayelinda malango ya wenye uwezo. Mbwa wetu wa mitaani, mwenye mkia uliojikunja na mbavu za kuhesabika, hatajwi na mtu. Ukiuliza yeye ni wa aina gani, jibu ni moja tu: "Aa, huyo ni mbwa tu." Mimi ninapenda aina tatu za mbwa, na katika insha hii nitaeleza kwa nini huyo wa "mbwa tu" ninampa nafasi ya kwanza.

Jamani Shepadi simdharau. Asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo wa Ujerumani, na chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1899. Ni mwerevu, hufundishika upesi, na polisi wa nchi nyingi humtegemea. Lakini dume hufikia kilo 40, na manyoya yake ni mazito, ya tabaka mbili. Mwezi Machi 2024 shule za Sudan Kusini zilifungwa kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Ikiwa mwanafunzi mwenye shati jepesi alishindwa kukaa darasani, je, huyu mwenye koti lisilovulika? Tena anataka nyama, ambayo kwetu ni chakula cha sikukuu. Mwenzi mwema ni yule ambaye nawe unaweza kumtunza. Kwa hiyo nampa nafasi ya tatu.

Nafasi ya pili nampa mbwa wa kambi za ng'ombe. Upande wa Terekeka, kaskazini mwa Juba, Wamundari hulala karibu na mifugo yao katikati ya moshi wa samadi, na mbwa hulala pamoja nao. Hana kamba wala banda. Fisi au mwizi akikaribia, yeye ndiye wa kwanza kuamka, na kwa sauti yake kambi nzima huamka. Malipo yake ni maziwa yaliyobaki na mahali penye joto karibu na majivu.

Wa kwanza ni mbwa mdogo wa Wazande, wa upande wa Yambio na ng'ambo ya mpaka, Kongo. Duniani anaitwa basenji. Ana uzito wa kilo 10 au 11 hivi, manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Hujisafisha kwa ulimi kama paka. Habweki kama mbwa wengine. Sauti yake hupanda na kushuka, karibu na kigelegele. Ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni, wasije wakampoteza kwenye majani marefu. Mwaka 1959 mfugaji kutoka Uingereza, Veronica Tudor-Williams, alikuja hadi kusini mwa Sudan, yaani nchi yetu ya leo, kuwatafuta mbwa hao. Alirudi kwao na jike mwekundu aliyeitwa Fula, na damu ya Fula imo katika basenji wengi wa Ulaya na Marekani.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tulitazame jina hilo vizuri. Huelezwa kwamba limetoka katika lugha za Kongo, ambako ba- ni kiambishi cha wingi cha watu, sawa na wa- yetu. Ondoa ba-, weka wa-, unapata washenzi. Ni neno ambalo waungwana wa pwani waliwaita watu wa bara. Nami nililijua mapema. Nilipokuwa mtoto mkimbizi Kakuma, nchini Kenya, nilijifunza neno mshenzi kabla ya neno mwenzangu, kwa kuwa ndilo nililoitwa kwenye foleni ya maji. Leo mbwa mwenye jina hilo ana cheti cha ukoo na hushindanishwa kwa urembo huko ng'ambo. Mshenzi akivuka bahari anapata thamani. Akibaki mtaani kwetu Gudele anapigwa mawe.

Mbwa wetu wa nyumbani anaitwa Sabir. Siwezi kuapa kwamba ni basenji, maana anabweka, tena sana. Mkia tu ndio unaofanana. Msimu wa mvua uliopita mbwa asiye na mwenyewe alimng'ata mtoto wa jirani. Walimwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, wakamkimbiza kudungwa sindano za chanjo, na mtoto akapona. Lakini wazee wa mtaa walikaa kikao wakaamua mbwa wote wauawe. Hofu yao haikuwa ya kijinga. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna mtu anayepona.

Mama yangu, ambaye huuza chai sokoni, alisimama. Akasema, "Wazee wangu, mbwa huyu ndiye aliyetuamsha usiku ule wezi walipokata uzio. Nanyi mlikuja mbio kwa sababu mlimsikia yeye. Nipeni siku tatu." Akatoa akiba yake ya sukari na majani ya chai, tukamtafuta mganga wa mifugo, Sabir akachanjwa. Nyumba nyingine nne zikafuata. Wazee wakakubali kwamba mbwa aliyechanjwa afungwe utepe mwekundu shingoni, naye asiguswe. Sabir akawa na cheti chake, kitambaa kilichokatwa kwenye sketi ya zamani ya dada yangu.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kawaida tunaisoma methali hiyo upande wa mbwa: yeye atulinde, yeye avumilie njaa, yeye aamke usiku. Siku ile niliiona upande wa pili, kwamba mbwa naye ana dhiki yake na anahitaji wa kumfaa. Wataalamu wa afya wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hapo mtoto wa jirani amekingwa, na Sabir pia.

Wenzangu, tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mkija kututembelea Gudele, msiniulize Sabir ni wa aina gani. Niulizeni amechanjwa lini.