Siku Tatu Unguja: Kutazama, Kusoma na Kuzingatia

Mwenyezi Mungu, Mtukufu, amewahimiza waja Wake mara nyingi katika Kitabu Chake watembee katika ardhi na watazame yaliyowapitia wale waliotangulia. Wengi wetu twaisoma amri hiyo kwa sauti nzuri, kisha twakaa majumbani mwetu mpaka nywele zikaingia mvi. Safari zetu huwa ni za maziko, za harusi na za biashara. Safari ya kwenda kutazama tu, na kuyafikiri yaliyotazamwa, twaihesabu kuwa ni anasa ya matajiri. Sisi wenyewe tulikuwa katika fikira hiyo kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini, mpaka jambo lililotokea nyumbani mwetu lilipotutoa. Twalieleza hapa kwa kutumaini kwamba litawafaa wazazi wenzetu, na vijana pia.

Mwanetu wa kiume, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa amehifadhi juzuu kumi na mbili, nasi tulikuwa tukihesabu miezi iliyobakia. Ghafla akalegea. Akawa akitoka shule haji madrasani, bali hushinda katika karakana ya seremala mmoja wa mtaani petu, akijifunza kuchonga nakshi. Tulimkanya kwa maneno, hakukanyika. Siku moja tukaichukua patasi yake tukaifungia sandukuni, tukadhani kwamba tumemwokoa. Kumbe tulichokipata ni kimya. Kijana alikuwa akitupa shikamoo asubuhi na jioni, na baina ya hizo mbili hakuna neno.

Mama wa watoto alivumilia majuma mawili, kisha akatuambia, "Baba, umemnyang'anya mtoto chombo, lakini njia hujamwonyesha. Mpeleke akaone nakshi zilizochongwa na watu waliokuwa wakiswali." Neno hilo lilituchoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Tukaazimu kwenda Unguja, sisi, yeye mama na kijana, kwa siku tatu.

Mtu mwenye siku tatu na kipato cha mwalimu wa madrasa hana budi apange mapema. Tuliigawa fedha yetu mafungu manne: nauli, malazi, chakula, na fungu la nne la dharura, ambalo tuliapa kwamba halitaguswa. Tuliichagua miezi ambayo si ya masika, kwa kuwa kati ya Machi na Mei mvua hunyesha sana na mtu hawezi kutembea vichochoroni kwa raha. Wala si ya kusi kali, kwani bahari huchafuka na wasiozoea hutapika. Tuliikwepa pia Ramadhani, maana mwezi ule si wa kuzurura. Tena tukaandika katika karatasi vitu tunavyotaka kuviona, vikafika kumi na tisa. Mama wa watoto akaitazama karatasi, akachukua kalamu, akavifuta vyote ila sita. Alisema kwamba macho nayo hushiba kama tumbo, na aliyeshiba hajui ladha. Twamshauri kila msafiri amtafute mwenye kalamu kama hiyo.

Tulitoka Morogoro siku ya Alhamisi kwa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 imeifanya safari ya Dar es Salaam kuwa nyepesi, kisha tukavuka bahari kwa boti ya mwendo wa saa mbili hivi. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri wa mbali, tulizichukua ruhusa za sheria, tukapunguza swala na kuzikusanya, na kijana tukampa kazi ya kutukumbusha nyakati. Alikubali kwa kutikisa kichwa.

Ijumaa asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, tuliingia Mji Mkongwe. Mji huu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini wenyewe wanaishi humo kama kawaida: wanafua, wanauza mboga, wanazungumza barazani. Yampasa mgeni akumbuke kwamba kila mlango anaoutazama ni mlango wa nyumba ya mtu. Asimame mbali kidogo, atoe salamu, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na asichungulie ndani. Adabu hizi tumefundishwa katika dini yetu kabla ya kufundishwa na watalii.

Nyumba za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na wengi hawajui sababu. Sababu ni boriti. Mti wa mkoko haurefuki sana, basi mjenzi hakuweza kukipanua chumba kuliko urefu wa mti uliobeba dari. Hapa kijana alinena kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka nyumbani. "Basi mti ndio uliopanga nyumba," alisema. Hatukumjibu kwa kuchelea kuikatiza ile baraka.

Ama milango, ndiyo fahari ya mji. Mlango wa Unguja huwa na mbao mbili za kufunguka, na katikati pana mti wa nakshi uitwao mfaa. Milango ya mtindo wa zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka, chenye nakshi za maua na mara nyingine maandishi ya Kiarabu. Mingine, iliyoletwa na mtindo wa Kihindi, ina tao la mviringo kwa juu. Waongozaji wa watalii husema kwamba mnyororo uliochongwa kandoni ni alama ya ulinzi, na samaki ni alama ya kizazi na riziki. Kijana hakuyajali sana hayo. Yeye alikuwa akiinama na kuangalia mikato, akituonyesha mahali fundi alipozama sana na mahali patasi ilipoteleza kisha kosa likageuzwa kuwa jani. Sisi tulikuwa tumepita mbele ya milango namna hiyo ujanani mwetu, na hatukuwahi kuona kosa wala jani.

Penye mlango mmoja wenye maandishi juu ya kizingiti tulimwuliza, "Je, pameandikwa nini?" Akasoma maneno mawili, akakwama. Tukamsomea yaliyobakia. Akasema polepole, "Baba, ningeweza kuchonga haya yote, na nisijue nimechonga nini." Tulinyamaza, ijapokuwa hotuba ilikuwa tayari ulimini.

Baada ya swala ya Ijumaa tulikwenda mpaka Forodhani. Pale ilisimama Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, jengo la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, lenye milango mikubwa ya nakshi na maandishi ya Kurani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka ilhali matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Vijana wengi wa umri wa mwanetu hawakuwahi kuingia humo kabla ya siku hiyo. Mwenye kusema "tutakwenda mwakani" na alifikiri jengo hilo.

Jirani yake ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Tukapita pia Malindi kuutazama msikiti wenye mnara wa umbo la pia, ambao mfano wake ni michache katika pwani yetu yote, na Hamamni, zilipo hamamu za zama za Barghash. Hapa ndipo tulipodanganywa. Kijana mmoja kati ya wale wanaoitwa mapapasi alijitolea kutuongoza "kwa upendo", na baada ya robo saa upendo ukageuka kuwa deni, likaingia katika fungu letu la dharura. Patana bei kabla hujaondoka hatua moja, hata kama mwenzio amekuita mzee wake.

Jioni ile tulikwenda mahali ambapo mama wa watoto hakupafuta katika karatasi, ingawa sisi tulitaka. Ni pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba baina ya Sultani Barghash na Waingereza, na ambapo baadaye pamejengwa kanisa kuu la Kianglikana. Uwanjani pana shimo, na ndani yake zimesimama sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Tuliona haya, wala hatuifichi haya hiyo. Nyumba nyingi nzuri tulizozisifu asubuhi zilijengwa kwa mali ya karafuu na pembe, na kazi ngumu ya mashamba na misafara ilibebwa na watumwa. Miongoni mwa waliouza na walionunua walikuwamo watu walioswali, hali dini imemfanyia mwenye kumwacha huru mtumwa thawabu kubwa. Mwanetu alituuliza, "Baba, huu mnyororo na ule wa mlangoni ni mmoja?" Tulimwambia kwamba hatujui, ila mikono iliyochonga ule ilikuwa karibu na mikono iliyovaa huu. Tuliona kwamba Mwislamu akipenda uzuri wa wazee wake, hana ruhusa ya kuyafumbia macho makosa yao.

Siku ya Jumamosi tulipanda daladala kwenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, mwendo wa saa moja na zaidi. Anayeutazama msikiti wa pale kwa nje atasema amepotea: ni jengo dogo la kawaida lenye paa la bati. Tulivua viatu, tukaomba idhini ya mtunzaji, tukaingia. Mbele yetu ukatokea mihirabu wa mawe ya matumbawe, umezungukwa na maandishi ya Kikufi yenye kuchanua kama mimea. Maandishi hayo yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na yanataja kwamba ujenzi uliamrishwa na Sheikh Abu Imran Musa. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini kazi ile ya kale ikahifadhiwa. Huo sio mwanzo wa Uislamu pwani, kwani huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji walikuta mabaki ya misikiti ya karne ya 8. Walakini hapa Kizimkazi watu wangali wanaswali kwa kuelekea mihirabu uleule uliochongwa zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Sasa twasema lililotufedhehesha. Tumefundisha Kurani miaka thelathini. Tulisimama mbele ya maandishi yale, na hatukuweza kusoma hata neno moja. Hayana nukta, herufi zimefungana, miisho yake imegeuka majani. Mwanetu alitutazama akingoja tumsomee, kama jana. Tukamwambia kweli, "Hatuyajui."

Hakucheka. Alisogea, akaanza kufuata mikato kwa kidole pasipo kuugusa ukuta. Akasema, "Haya majani ni pambo, Baba, usiyahesabu. Patasi imekata herufi kwanza, majani yakafuata. Tazama hizi mbili zilizosimama pamoja, na hii ya mwisho iliyojikunja." Tukatazama kama alivyoonyesha, tukiyaondoa majani kwa macho. Polepole likatokea Jina la Mwenyezi Mungu. Macho yetu yakajaa machozi, na mama wa watoto, aliyekuwa nyuma yetu, alisema, "Alhamdulillahi," kisha akageuza uso.

Tuliswali rakaa mbili pale. Katika sijida tuliikumbuka ile patasi iliyomo sandukuni Morogoro.

Jumapili tulirudi, na fungu la dharura lilikuwa limebakia nusu. Ndani ya boti tulifanya mapatano na mwanetu, naye atuwie radhi kwa kuyaandika hapa. Asubuhi baada ya Alfajiri atahifadhi. Akitoka shule atakwenda karakanani. Na kila atakachoandika kwa patasi, kwanza akisome mbele yetu na aseme maana yake. Nasi tukakubali sharti lake moja: atufundishe kuona. Hatusemi kwamba mambo yamenyooka yote. Zipo asubuhi ambazo halali wala haamki. Lakini juzuu ya kumi na tatu imekwisha, na nyumbani pana maneno.

Wazazi wenzetu, hatukuambieni mwende Unguja peke yake. Pana Lamu, pana Kilwa, pana Mombasa, na huenda pana msikiti wa kale nyuma ya kijiji chako mwenyewe. Weka akiba kidogo kidogo, chagua vitu vichache, wachukue watoto wako, na unapofika usiwe wewe ndiye msemaji wa kila jambo. Na enyi vijana, mkono bila herufi ni kipofu. Someni mpaka mkijue mnachokichonga.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi athari za wema waliotutangulia, awasamehe makosa yao, na atujaalie sisi na watoto wetu macho yenye kuona na nyoyo zenye kuzingatia. Amin.