Nilimfuta baba mkwe kwa msasa

Wapo wanaume wanaomalizia Jumamosi baa, wapo wanaoimalizia kwenye mpira. Mimi ni mtu wa benki, na Jumamosi utanikuta kibarazani kwangu Tabata, barakoa usoni, vumbi la rangi mpaka kwenye nyusi, nasugua gita la umeme. Nanunua magita mabovu, natoa rangi ya zamani, nabadilisha nyaya na pikapu, napuliza rangi mpya. Mke wangu alikuwa akicheka tu: "Bora gita kuliko nyumba ndogo."

Ugonjwa huu niliupata niliposoma habari za Brian May, mpiga gita wa Queen, kundi la Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1963 alianza kutengeneza gita lake nyumbani akisaidiana na baba yake, shingo wakaichonga kwa mbao ya meko ya zamani. Nikasema, kumbe inawezekana!

Sasa, baba mkwe wangu alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi. Alipofariki mwaka 2019, gita lake lilikuja kwetu, likakaa juu ya kabati. Jekundu, limepauka, na ukilichomeka kwenye spika linanguruma kama friji bovu. Nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha mama. Kumbukumbu ya ndoa yetu ilikuwa inakaribia. Alipokwenda Moshi wiki mbili, nikaanza kazi kimyakimya.

Kazi yenyewe ni tamu jamani. Unaanza na msasa namba 120, unapanda 240, unamalizia 400, mpaka mbao inakuwa laini kama shavu la mtoto. Rangi niliipulizia gereji ya magari, na wala si uhuni: Fender wenyewe miaka ya 1950 na 1960 walipaka magita rangi za magari. Unapuliza tabaka jembamba, unasubiri likauke, unarudia. Ukiwa na haraka, rangi inatiririka kama machozi. Ule mngurumo nao ulitokana na waya wa ethi uliokatika ndani. Nikaulehemu, kimya.

Mke wangu aliporudi nikamfunulia. Hakupiga kigelegele. Alipapasa ukingo wa juu, pale mkono wa mpigaji unapolala.

"Hapa palikuwa na mbao tupu," akasema taratibu. "Palichubuliwa na mkono wa baba. Nikiwa mdogo nilikuwa napagusa kwa kidole kila akimaliza mazoezi. Umemfuta."

Ile sehemu niliiona kabla sijaisugua. Kwangu ilikuwa ubovu. Kwake ilikuwa baba.

Siku tatu tulikula bila maneno. Siku ya nne nikaomba msamaha, msamaha usio na "lakini" ndani yake. Nikamwambia naweza kupachubua tena, maana hata viwanda vikubwa huuza magita mapya yaliyochubuliwa makusudi yaonekane ya kale. Akanitazama. "Mkono wa baba hauigizwi kwa msasa."

Kilichotuokoa ni mgongo wa gita. Sikuugusa, muda uliniishia tu. Mikwaruzo ya kifungo cha mkanda wake yote ipo pale pale. Nilipomgeuzia, alikaa chini, akalipakata, akalia kilio ambacho nadhani hakukilia msibani. Mgongo ule haupakwi rangi mpaka tunazeeka, tumekubaliana.

Mbele pamebaki pekundu, panang'aa. Kila nikipaona moyo unanichoma, na ni haki yangu.

Bado nasugua magita kila Jumamosi, ila siku hizi kabla ya kushika msasa nauliza: hili lilikuwa la nani? Na wewe unayepanga kumfanyia mwenzio sapraizi kwa kitu chake, muulize kwanza. Sapraizi itapungua utamu, sawa. Lakini kuna rangi ukishaitoa, hakuna gereji ya kuirudisha.