KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wetu huitumia methali hii tunapomsema rafiki aliyetugeuka au jamaa wa karibu aliyetuibia. Mimi nataka kuieleza kwa njia nyingine kabisa, kwa sababu mwaka 2024 niliiona ikitimia ndani ya kompyuta ya shule yetu, na nusura imponze kijana asiye na hatia. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, vuta kiti, tega sikio, nikupe kisa chenyewe.

Kwanza nieleze kazi tuliyokuwa nayo. Kama mjuavyo, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, siku iliyotangazwa na UNESCO mnamo Novemba 2021. Mwaka huo wa 2024 tarehe hiyo iliangukia Jumapili, hivyo chama chetu kikapanga kuiadhimisha shuleni siku ya Ijumaa, tarehe 5. Kwa kawaida sisi huigiza na kughani mashairi. Safari hii tuliamua kuonyesha pia programu ya simu tuliyoiunda wenyewe: methali 120 pamoja na maana zake, ili mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweze kujifunza akiwa nyumbani kwa simu ya mzazi. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia waziwazi kwamba akiona matunda, ataturuhusu kuitumia maabara ya kompyuta kila Jumamosi. Asipoona, basi, turudi kwenye madaftari yetu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na ndiye niliyekuwa katibu wa chama.

Sasa, kwa wale ambao hawajaonja kazi hii, programu ya simu haiandikwi tu ikatumika hapo hapo. Maandishi lazima yajengwe, yaani yageuzwe kuwa faili moja ambayo simu inaweza kuipokea. Sisi tulitumia Android Studio, na ndani yake mna mjenzi aitwaye Gradle. Huyu Gradle ni kama mpishi wa shule. Hapiki kwa maji na chumvi pekee. Kuna unga, maharagwe na mafuta ambayo ni lazima yaletwe kutoka sokoni. Masoko yake makuu ni mawili: ghala la Google na ghala liitwalo Maven Central. Huko huchukua maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine ili sisi tusianze kila kitu upya. Akishaleta kitu mara moja, hukiweka akiba katika folda iitwayo .gradle, na siku nyingine hana haja ya kwenda sokoni kukifuata. Shika hilo la akiba, msomaji, maana ndilo fumbo la kisa hiki.

Jumamosi tarehe 29 Juni, kijana mmoja wa kidato cha pili alibaki maabarani akiwa na wazo zuri ajabu. Alitaka methali zisisomwe tu bali pia zisikike. Akaongeza mstari mmoja tu wa kuiita maktaba ya kuchezea sauti iitwayo Media3. Hata hivyo kengele ya chakula ikalia kabla hajaijenga programu, akaifunga kompyuta akaenda zake.

Jumatatu tulipofungua mashine na kubonyeza kitufe cha kujenga, hamadi! Maandishi mekundu kutoka juu hadi chini. Gradle alilalamika kuwa ameshindwa kuipata ile maktaba ya sauti. Tukajaribu tena, wapi! Mara ya tatu ikawa yale yale.

"Si ni yule wa Form Two alikuwa hapa Jumamosi?" mmoja akauliza.

"Ni yeye. Ameharibu mashine," mwingine akadakia.

Wakaufuta ule mstari wake, wakabonyeza tena, na programu ikajengeka bila matata. Hapo ushahidi ukawa umetimia machoni pa wengi. Mstari ukiwepo, mambo yanaharibika. Ukiondolewa, mambo yananyooka. Ungesema nini? Kijana akaitwa, akaambiwa asiguse kompyuta ya chama tena hadi maadhimisho yaishe. Alisimama pale mlangoni akishikilia daftari lake kifuani, akanitazama mimi.

"Dada katibu, wallahi mimi sikuguza kitu kingine. Ni huo mstari mmoja tu."

Nikamwambia angoje kwanza. Sauti yake ilinikaa moyoni, maana katika daftari lile alikuwa amepanga methali zote 120 kwa zamu za watakaozisoma, na jina lake halikuwemo hata mara moja. Kazi yote ile alikuwa anawafanyia wenzake.

Jioni hiyo mimi na mwenzangu wa dawati tulimwendea mwalimu mlezi tukamwomba jambo moja: tuijaribu kazi ile ile, mstari ukiwemo, kwenye kompyuta yake mwenyewe ya mkononi, kwa intaneti ile ile ya shule. Akakubali. Tulinakili kila kitu kwa flashi, tukabonyeza, tukangoja. Baada ya dakika chache programu ikajengeka vizuri, maktaba ya sauti ikiwemo! Basi mstari haukuwa na kosa. Intaneti nayo haikuwa na kosa. Hapo wale waliokuwa wakisema kwamba ni mambo ya nyaya za baharini wakanyamaza. (Mwezi Mei mwaka huo nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika kweli, na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki, ndiyo maana kila kilichokwama kilisingiziwa bahari.) Kasoro ilikuwa ndani ya ile mashine ya maabara.

Kesho yake fundi wa maabara akaja na shauri lake. "Futeni akiba yote ya Gradle, muanze upya," akasema. Mwenzangu akamjibu kwa adabu, "Samahani, bwana fundi. Barabara ya sokoni ikiwa imefungwa, halafu tuitie moto ghala ya nyumbani, Ijumaa tutapika nini?" Fundi akacheka, akakubali kuwa neno hilo lina uzito. Tena Gradle mwenyewe tu ni zaidi ya megabaiti 100 kumpakua, achilia mbali maktaba zake, na bando tulikuwa tumeichangia shilingi ishirini ishirini.

Ndipo tukaamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: kuusoma ule ujumbe mwekundu hadi mwisho. Watu wengi huona wekundu wakaogopa, wakasoma mstari wa kwanza tu. Kumbe sababu yenyewe mara nyingi hukaa chini kabisa. Mstari wa juu ulisema maktaba haikupatikana. Wa pili ukataja anwani ya ghala la Google. Wa mwisho ukasema kwamba mashine ilijaribu kuunganishwa na 192.168.0.10 kwenye mlango wa 8080, ikangoja wee, isijibiwe.

Tukatazamana. Hiyo 192.168.0.10 ni nani? Ghala la Google haliwezi kuwa na nambari kama hiyo, kwani nambari zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba au ofisi, hazitoki nje. Fundi aliposikia nambari hiyo akajipiga paji la uso. "Aa! Hiyo ilikuwa ile proksi ya zamani! Tuliing'oa likizo ya Aprili tulipoletewa ruta mpya."

Proksi, msomaji, ni kama bawabu. Maombi yote ya kwenda intaneti hupitia kwake. Bawabu alikuwa ameondoka tangu Aprili, lakini Gradle alikuwa bado anamgongea mlango. Swali likabaki: nani anamtuma huko?

Tulifungua mipangilio ya Android Studio, tukakuta imeandikwa kwamba hakuna proksi. Tukafungua faili la gradle.properties lililo ndani ya kazi yetu. Halikutaja proksi popote. Mwenzangu ndiye aliyekumbuka kwamba kuna faili jingine lenye jina lilo hilo, linalokaa ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, kwenye ile .gradle ya akiba. Tukalifungua. Tahamaki, mistari minne imejilaza humo! Miwili ilianza na systemProp.http, miwili na systemProp.https, na yote ilimwelekeza Gradle kwa bawabu aliyekwisha kuondoka. Iliandikwa na watu wa miaka ya nyuma, na wakati ule iliwafaa kabisa.

Kikulacho ki nguoni mwako! Faili hili la nyumbani lina nguvu kuliko la kazi yenyewe. Yakigongana, Gradle husikiliza la nyumbani. Tena Gradle hufanya kazi kivyake, hafuati mipangilio ya kivinjari. Ndiyo sababu kurasa za intaneti zilikuwa zikifunguka kwenye mashine ile ile huku yeye akikwama.

Na lile fumbo la akiba nalo likafumbuka. Tangu Mei tulikuwa tukijenga programu bila shida kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeshawekwa ghalani. Gradle hakuwa na haja ya kwenda sokoni, kwa hivyo hakuna aliyejua kuwa njia imezibwa. Yule kijana alikuwa mtu wa kwanza kuomba kitu kipya. Hakuiharibu njia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipita.

Hatukulifuta lile faili. Tulilibadilisha jina tu, ili ikibidi turudi nyuma tuweze. Tukamsimamisha Gradle aliyekuwa akingoja chinichini, tukaurudisha mstari wa kijana, tukabonyeza. Kimya. Kisha upau ukaanza kusogea, maktaba zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, na mwishowe maandishi ya ushindi yakatokea. Mimi sikungoja kengele. Nilikwenda darasani kwao nikamwita mbele ya wenzake, nikamwambia, "Njoo maabara, ndugu yangu. Mstari wako ni mzima." Wale waliomnyooshea kidole walimwomba radhi siku hiyo hiyo, mmoja mmoja, na mwalimu mlezi akasimama kuhakikisha.

Ijumaa mwalimu mkuu alibonyeza methali ya kwanza mbele ya gwaride lote, na sauti ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza ikasikika ikisema haraka haraka haina baraka. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Jumamosi zetu tukazipata.

Kwa wenzangu wa vyama vingine mnaotaka kuiga kazi hii, nawausieni machache. Ujenzi ukikwama, usomeni ujumbe hadi mstari wa mwisho. Tazameni tarehe ya kompyuta, maana saa ikiwa imepotoka vyeti vya usalama vya intaneti hukataliwa. Angalieni kama kitufe cha kumfanyisha Gradle kazi bila intaneti kimeachwa kimewashwa. Mkitumia vitabu vya zamani, jueni kwamba ghala la JCenter lilitangaziwa kufungwa mwaka 2021, na kwamba tangu Januari 2020 Maven Central haipokei maombi ya http tupu, ila https. Na kama shule yenu ina proksi ya kweli, iandikeni kwa http na kwa https pia. Ukiandika ya http pekee na kuacha ya https, njia itaendelea kufungika.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili. Hitilafu inapotokea, ulimi huwa mwepesi kuuliza "ni nani?" Sisi tuliuliza "ni nini?" na jibu likamwokoa mwenzetu. Kama tungetosheka na ule ushahidi wa Jumatatu, kijana yule angekwenda nyumbani akiamini kuwa mikono yake huharibu. Leo ndiye anayewafundisha wengine. Tafakari hayo, msomaji, kabla hujamnyooshea mtu kidole.